Ami Aliniuliza Kuhusu Chanjo, Nikamwambia Asubiri

Msomaji mpenzi, kuna neno ambalo mtu hulitamka bila kulipima, likatoka mdomoni kama pumzi, kisha likarudi kumdai. Mimi ninalo moja la namna hiyo. Ni neno "subiri". Nilimwambia ami yangu, ndugu mdogo wa marehemu baba, mwezi wa Aprili mwaka 2021, tukiwa tumeketi barazani kwake katika Mji wa Kale, Mombasa, kila mtu na kikombe chake cha kahawa chungu mkononi. Leo nataka kueleza kwa nini nililisema na lilitufikisha wapi. Sielezi ili nihurumiwe. Naeleza kwa sababu mabishano yaliyolizaa neno hilo hayajesha. Kila itajwapo chanjo, iwe ya watoto au ya watu wazima, nayasikia yakianza tena pale pale yalipoachwa.

Ami alikuwa na miaka 71. Alikuwa fundi wa milango ya nakshi, kazi aliyoiacha macho yalipomsaliti, na ugonjwa wa sukari ulikuwa umekwisha kufanya makao mwilini mwake kwa miaka mingi. Hakuwa mjinga, wala hakuwa mkaidi kwa tabia. Alisoma magazeti kila asubuhi, la jana likiwa la leo halijafika, na alipenda hoja ielezwe mpaka mwisho wake. Nasema haya mapema kwa sababu tumezoea kuwacheka waliokataa chanjo kana kwamba wote walikuwa watu wasiofikiri. Ami alifikiri sana. Na aliyoyafikiri yalikuwa na chanzo.

KAFYU NA RUNGU

Serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona humu nchini tarehe 13 Machi, 2020. Wiki mbili baadaye ikaja kafyu, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Siku ile ya kwanza, Machi 27, watu waliokuwa wakitoka kazini walijazana kwenye kivuko cha Likoni, kila mmoja akitaka feri imvushe kabla ya saa kufika. Feri haina mbawa, na watu walikuwa maelfu. Askari wakawarushia gesi ya kutoa machozi na kuwacharaza kwa marungu, na saa yenyewe ya kafyu haijagonga. Picha zake zilizunguka dunia nzima. Siku tatu baadaye, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye rosheni ya nyumba yao huko Kiamaiko, Nairobi, askari walipokuwa wakiwafukuza watu usiku, akafa.

Ami aliyasoma hayo yote. Akanitazama juu ya miwani yake, akasema, "Mwanangu, ugonjwa huu wanatukinga nao, au wanatupiga nao?"

Sikuwa na jibu.

Kisha zamu yetu ikafika. Tarehe 6 Mei, 2020, ulipigwa marufuku utokaji na uingiaji katika Mji wa Kale, pamoja na mtaa wa Eastleigh kule Nairobi. Ilikuwa katikati ya mwezi mtukufu wa Ramadhani. Mtu aliyekuwa akila futari kwa jasho la siku ile ile, mchukuzi, muuza samaki, mama wa mahamri, alijikuta amefungiwa nyuma ya vizuizi. Wakaletwa wapimaji. Serikali ilitaka kila mtu ajitokeze apimwe, lakini waliojitokeza walikuwa wachache mno. Wakubwa walikasirika. Wakasema watu wa Pwani wanapuuza.

La, hawakupuuza. Walikuwa wamepiga hesabu. Aliyekutwa na virusi alipelekwa kutengwa, na jamaa zake wote waliomgusa walitiwa karantini. Tangu Machi tulikuwa tumesikia habari za waliotiwa karantini kisha wakadaiwa fedha za malazi na chakula. Mtu amepimwa, ameonekana hana kitu, lakini haruhusiwi kutoka mpaka alipe. Mwezi wa Aprili video moja ilionyesha watu wakiruka ukuta wa kituo cha karantini jijini Nairobi. Ndipo mwezi wa Mei serikali ikasema kwamba itabeba yenyewe gharama za walio katika vituo vya umma. Lilikuwa jambo jema, lakini lilichelewa. Mtu akishaogopa mlango, hata ukiupaka rangi mpya atapita mbali.

KARANTINI SI NENO GENI

Kwa hakika watu wa Pwani hawakulisikia neno karantini kwa mara ya kwanza mwaka 2020. Hili ni neno la bahari. Asili yake ni Venezia, ambako zamani merikebu zilizotoka penye tauni zilizuiwa siku 40 kabla ya watu kushuka. Huku kwetu, kisiwa cha Changuu, mbele ya mji wa Unguja, kilijengwa jela mwishoni mwa karne ya 19, lakini hakikutumika kwa wafungwa. Kikawa mahali pa kuwatenga abiria waliotoka ng'ambo, kwa hofu ya homa ya manjano na maradhi mengine. Mpaka leo watalii hukiita Kisiwa cha Jela, na wachache hujua kwamba waliofungwa humo kosa lao lilikuwa ni kusafiri.

Na barakoa je? Vijana walidhani ni neno lililobuniwa na Wizara ya Afya. Wazee wetu walilijua. Barakoa lilikuwa vazi la uso la mabibi wa Pwani na Unguja, hasa katika nyumba zilizofuata ada za Kiarabu. Ami alicheka sana alipoambiwa avae barakoa. Akasema bibi yake aliivaa kwa sababu ya heshima, na mjukuu ataivaa kwa sababu ya faini. Lakini aliivaa. Nataka hilo lijulikane. Aliivaa kila alipotoka, na aliosha mikono mpaka ngozi ikapauka.

Kilichomuumiza zaidi ni msikiti. Nyumba za ibada zilipofunguliwa mwezi wa Julai 2020, masharti yalikuwa kwamba watu wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, na wasiingie watoto wa chini ya miaka 13 wala wazee wa zaidi ya miaka 58. Nia ilikuwa kuwalinda wazee, nami naikubali. Lakini mwone mtu ambaye kwa miaka 50 amekaa safu ya mbele, sasa anasikia adhana kutoka dirishani, na vijana aliowafundisha Kurani wanampita mlangoni wakienda kusali. "Wananihurumia," alisema, "mpaka nife peke yangu."

NYUMBA YA MUUGUZI

Katika nyumba hiyo hiyo alikuwamo mtu aliyeujua ugonjwa huu kuliko sisi sote. Binti yake ami, ambaye kwangu mimi ni dada, ni muuguzi katika hospitali moja ya umma ambayo jina lake sitalitaja. Alikuwa akirudi nyumbani alfajiri, anavua viatu nje, anaoga uani kabla ya kumsalimu yeyote, kisha analala chumba cha peke yake. Watoto wake walimpungia mkono kutoka mlangoni.

Yeye ndiye aliyenieleza hali ya hospitali zetu. Ugonjwa ulipoingia, Kenya nzima ilikuwa na vitanda visivyozidi 600 vya wagonjwa mahututi, kwa watu wapatao milioni 50, na vingi vilikuwa katika miji mikubwa na hospitali za kulipia. Vitanda viliongezwa baadaye, lakini kitanda hakimtibu mtu. Kinahitaji muuguzi aliyefundishwa, dawa, umeme usiokatika na hewa ya oksijeni. Mtungi mkubwa wa oksijeni, alinieleza, huchukua takriban lita 6,800. Mgonjwa anayepewa lita 15 kwa dakika huumaliza kwa muda wa saa saba na nusu. Basi mgonjwa mmoja hutaka mitungi mitatu au zaidi kwa siku moja. Wagonjwa 10 je? Wagonjwa 30 je? Na mtungi lazima uchukuliwe na lori, upelekwe ukajazwe, urudishwe. "Usiku," alisema, "kazi yangu ni kusikiliza mlio wa lori."

Mwaka huo wa 2020, mwezi wa Agosti, zilitoka habari za fedha za dawa na vifaa zilizodaiwa kufujwa katika shirika la serikali linalonunua bidhaa za hospitali. Wananchi waliandamana. Wakati huo huo dada yangu alikuwa akivaa barakoa moja siku kadhaa mfululizo. Basi ilipofika Desemba 2020, wauguzi na maafisa wa kliniki walipogoma katika kaunti nyingi wakidai vifaa vya kujikinga, bima na marupurupu ya hatari, naye aligoma. Mwezi huo huo alikuwa amefariki daktari kijana wa miaka 28, aliyeambukizwa akiwatibu wagonjwa, na jamaa na wenzake wakasema kwamba alikuwa hajalipwa mshahara kwa miezi mitano.

Ami hakuukubali mgomo ule. "Mgonjwa yuko kitandani, wewe uko barabarani na filimbi!" alimwambia bintiye. Naye akajibu, akilia, "Baba, nikifa nitamtibu nani?" Maneno yakazidi, wakanuniana. Tangu siku ile baba na binti walisalimiana tu. Hawakuzungumza tena habari za hospitali. Tafadhali msomaji, uweke moyoni ugomvi huu, maana ndio uliomleta ami kwangu.

CHANJO YAFIKA

Mapema mwezi wa Machi 2021, ndege ilitua uwanja wa Jomo Kenyatta na shehena ya kwanza ya chanjo ya AstraZeneca, dozi 1,020,000, zilizopatikana kwa mpango wa COVAX wa kugawia mataifa chanjo. Tarehe 5 Machi, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, aliyekuwa kaimu mkurugenzi mkuu wa afya, Dkt. Patrick Amoth, alikunja mkono wa shati akachanjwa wa kwanza. Wahudumu wa afya walifuata, walimu na askari nao wakafuata, na kabla ya mwezi kwisha wazee wa miaka 58 na zaidi wakaambiwa waje.

Hapo ndipo mabishano yalipochemka. Mwenyekiti wa chama cha madaktari Wakatoliki nchini, Dkt. Stephen Karanja, aliwaambia watu wasichanjwe, akasifu dawa nyingine na kujifukiza. Maaskofu wa kanisa lake wakatoa kauli tofauti, kwamba chanjo hiyo ni halali. Muumini amsikilize nani? Mambo yalikuwa na mizizi, kwa sababu mwaka 2014 maaskofu hao hao walikuwa wameipinga chanjo ya pepopunda waliyokuwa wakipewa wanawake, wakidai kwamba imetiwa kitu cha kuzuia uzazi, na serikali ikakana. Aliyekumbuka lile la 2014 hakushangaa kusikia la 2021. Dkt. Karanja mwenyewe alifariki kwa korona mwishoni mwa Aprili 2021. Wako waliomcheka. Mimi naona msiba si jambo la kuchekwa, na mtu aliyekosea kwa kuamini kweli anastahili kuzikwa kwa heshima kama mwingine.

Na sisi wa Pwani tulikuwa na jirani. Ndugu zetu wa Tanga walitupigia simu kutuhimiza tupige nyungu, maana mwezi wa Januari mwaka huo Rais John Magufuli alikuwa ametilia shaka chanjo za kigeni waziwazi. Alifariki mwezi wa Machi, na serikali yake ikatangaza kwamba ulikuwa ugonjwa wa moyo. Tarehe 28 Julai, Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani. Yaani katika miezi sita nchi moja ilisema hapana, kisha ikasema ndiyo, na jamaa walewale wa Tanga walitupigia tena simu.

Kuongezea hayo, mwezi wa Machi mataifa kadhaa ya Ulaya yalisimamisha kwa muda chanjo ya AstraZeneca kwa sababu ya watu wachache waliopata damu ya kuganda. Uchunguzi ulionyesha kwamba jambo hilo lilikuwapo kweli, lakini lilikuwa nadra mno, na kwa mzee kama ami hatari ya korona ilikuwa kubwa kuliko hatari ya sindano mara nyingi. Lakini habari ya damu kuganda ilisafiri kwa ndege, na habari ya uchunguzi ikaja kwa miguu.

NENO LANGU

Basi ami aliniita. Nilipofika nilimwamkia, akanikaribisha kahawa, tukazungumza habari za dunia. Kisha akasema, "Mwanangu, wewe kazi yako ni kusoma na kuandika. Wamesema wazee twende tukachanjwe. Ndugu yako huyo wa hospitali ananiambia niende, lakini yeye na mimi hatuelewani siku hizi. Nakuuliza wewe. Niende?"

Nami, msomaji, nilikuwa nimesoma habari za Ulaya siku ile ile. Sikuwa nimesoma zaidi ya kichwa cha habari na mistari michache. Sikutaka kusema nenda, lisije likampata jambo nikalaumiwa na ukoo mzima. Sikutaka kusema usiende, nisionekane mshamba. Nikachagua neno la katikati, neno la mtu anayejilinda mwenyewe. Nikasema, "Ami, subiri kidogo tuone inavyokwenda. Subira yavuta heri."

Akaitikia kwa kichwa. Akaridhika. Aliondoka na neno langu kama mtu aliyeandikiwa dawa na daktari.

Nilidhani kusubiri si uamuzi. Nimejifunza kwamba kusubiri nako ni uamuzi kama mwingine, na hulipiwa. Mwezi wa Juni, nilipokuwa nimekwisha kusoma vya kutosha na kubadili rai yangu, nilimwendea nikamwambia, "Ami, twende." Tukaenda. Tulikuta foleni ya watu waliokuja kutafuta dozi ya pili. India, ambako chanjo zetu zilikuwa zikitengenezwa, ilikuwa imezuia kuzisafirisha nje kwa sababu ugonjwa uliwazidi wenyewe, na hapa nchini muda wa kungoja dozi ya pili ulikuwa umekwisha kusogezwa kutoka wiki nane hadi 12. Muuguzi pale mlangoni alituambia kwa upole kwamba siku ile hazipo, turudi wiki nyingine. Turudi mara ngapi? Tulirudi mara mbili. Nataka wanaosema kwamba Waafrika walikataa chanjo walijue hili pia: wako waliokataa, na wako waliozitafuta wasizipate. Nchi tajiri zilikuwa zimejiwekea akiba ya kuwatosha watu wao na kusaza, na ami alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, fimbo mkononi, akiambiwa arudi.

Mwisho wa Julai alianza kukohoa.

USIKU WA LORI

Wimbi lile la Julai na Agosti 2021 lilikuwa la kirusi kilichoitwa Delta. Hatukupata kitanda katika hospitali ya kwanza. Ya pili ilitaka amana ya fedha ambazo ukoo haukuwa nazo usiku ule. Mwishowe binti yake ndiye aliyempatia nafasi, katika wodi yake mwenyewe, kwa kusimama mlangoni mpaka kitanda kikawa wazi. Kitanda kuwa wazi, msomaji, maana yake unaijua.

Baba na binti walipatana usiku ule. Sikuwapo, hakuna aliyeruhusiwa kuingia. Yeye ndiye aliyenisimulia. Alimvisha baba yake kifaa cha hewa, akamwekea mito akalala kifudifudi, na ami, kwa sauti iliyokatika, akamwuliza, "Mtungi huu ni wa saa ngapi?" Alikuwa ameyashika yote aliyokuwa akiyasema bintiye, hata siku zile za kununiana. Akajibiwa, "Wa kutosha, baba." Naye alikuwa akisikiliza lori.

Lori lilifika. Hewa haikukatika. Lazima niseme hivyo kwa haki ya wale wahudumu, kwamba hawakumwacha. Lakini mapafu yalikuwa yamekwisha kuchoka. Ami alifariki siku ya tano, mwezi wa Agosti 2021, kabla ya alfajiri, akazikwa alasiri ile ile na watu wachache, sote tukiwa na barakoa. Angalau alizikwa mchana na kusaliwa. Nilimkumbuka yule marehemu wa Siaya, aliyezikwa usiku wa manane mwezi wa Aprili 2020, bila jeneza, na watu waliovaa mavazi meupe, mpaka wananchi wakauliza kama maiti naye amekuwa mhalifu.

MABISHANO YARUDI BARAZANI

Mwezi wa Novemba 2021, Waziri wa Afya wa wakati ule, Bwana Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba kuanzia tarehe 21 Desemba asiyechanjwa hatapata huduma za serikali ana kwa ana: ofisi za kodi, uhamiaji, kutembelea wagonjwa na mengineyo. Wakati huo wengi mno wa watu wazima walikuwa hawajapata dozi kamili. Watu wakaenda mahakamani, na Desemba Mahakama Kuu ikaisimamisha amri hiyo.

Barazani kwetu moto ukawaka. Mmoja akasema serikali ina haki ya kumlinda jirani dhidi ya jirani yake. Wa pili akasema mwili ni wa mtu, na aliyenipiga rungu Likoni leo haniambii kwamba ananipenda. Wa tatu, muuza kahawa wetu, akasema yeye angoje kidogo aone.

Niliposikia neno lile nikashindwa kunyamaza. Nikawahadithia yote niliyokuhadithia wewe. Walimjua ami, wakainamisha vichwa. Lakini yule wa pili hakukubali kunyamazishwa na msiba. Akaniambia, "Bwana, pole sana, lakini huwezi kuitumia maiti kushinda hoja. Una hakika gani kwamba angechanjwa asingekufa?"

Alisema kweli, nami nilimkubalia. Sina hakika. Chanjo ile haikuwa hirizi. Waliochanjwa nao waliugua, na wachache walikufa. Kilichojulikana ni kwamba iliwapunguzia wengi mno hatari ya kuzidiwa na kufa, hasa wazee na wenye maradhi kama ya sukari. Ami alikuwa na nafasi hiyo mwezi wa Aprili, dozi zikiwapo, nami nikamwambia aiache ipite. Hilo ndilo ninalolijua kwa hakika, wala silihitaji lingine.

Muuza kahawa alikwenda kuchanjwa wiki ile. Yule mbishani hakwenda, na hadi leo yuko salama salimini, hunitania kila tukikutana. Namshukuru Mungu kwa uzima wake. Maisha hayaendi kama hadithi za kitabuni, ambamo kila mkosaji huadhibiwa.

KOVU LA BEGANI

Mama yangu ana kovu la mviringo begani, la chanjo ya ndui. Watu wa umri wake wengi wanalo. Ndui ilikuwa ikiwaua na kuwapofua watu tangu enzi za misafara. Mtu wa mwisho duniani kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu Msomali, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, mwezi wa Oktoba 1977. Fikiri, alifanya kazi hospitalini, na chanjo ilikuwapo. Alieleza baadaye kwamba aliikwepa kwa kuogopa maumivu ya sindano. Alipona, na miaka mingi baadaye akawa mtu wa kuzunguka vijijini akiwasihi akina mama wawapeleke watoto wapate chanjo ya polio, akiwapa mfano wake mwenyewe. Alifariki mwaka 2013 akiwa katika kazi hiyo hiyo. Na ilikuwa hapa Nairobi, Oktoba 1979, ambapo Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ndui imekwisha katika pembe hii ya Afrika.

Namtaja Maalin kwa sababu mtu aliyewahi kuogopa ndiye ajuaye namna ya kuzungumza na mwoga. Watu hawakumwamini kwa sababu ana cheo, bali walimwamini kwa sababu alikiri. Ndicho tulichokikosa mwaka 2020 na 2021. Wakubwa hawakukiri kwamba rungu la Likoni lilikuwa kosa lililoharibu kazi ya sindano. Madaktari waliokosea hawakupata nafasi ya kukiri. Na sisi wenye neno dogo majumbani, ambao wazee hutuuliza kwa sababu tunasoma magazeti, tulijibu haraka kuliko tulivyojua.

Yamebaki makaburi. Hesabu ya serikali ni zaidi ya watu 5,600 waliokufa kwa korona nchini Kenya, na hao ni wale waliopimwa tu. Likija gonjwa jingine, nalo litakuja, tutabishana tena, na kubishana si dhambi. Lakini mzee akikuuliza jambo usilolijua, usimpe neno la katikati la kujilinda nafsi yako. Mwambie, "Sijui, ami, lakini twende tukamwulize anayejua." Mimi anayejua alikuwa chumba cha pili, amelala baada ya zamu ya usiku. Ningegonga mlango tu.